Shangazi wa Filamu Ajibu: Han, Scofield na Marehemu Wengine Waliokataa Kuzikwa

Kabla hatujaanza, nataja miisho. Asiyetaka kujua nani anakufa na nani anafufuka augeuze ukurasa huu haraka. Na ninyi mnaoendelea kuniandikia habari za wachumba na mawifi kwa sababu tu naitwa Shangazi, safu yenu iko ukurasa wa jirani. Mimi ni Shangazi wa filamu. Kwenye ndoa sina ushauri, labda kwamba rimoti zisiwe mbili.

Shikamoo Shangazi. Kila nikifungua orodha ya filamu mpya nakuta namba: ya nne, ya saba, ya kumi. Nimeapa sitazami tena filamu yoyote yenye namba mwishoni mwa jina. Waandishi wameishiwa, au sisi watazamaji ndio tumefanywa wajinga?
*Niliyechoka na Namba*

Marahaba, mwanangu. Kivunje kiapo hicho mapema, kitakunyima vitu vizuri. Mwenye kiapo kama chako mwaka 1974 angeikosa The Godfather Part II, mwendelezo wa kwanza kutwaa Oscar ya filamu bora. Mwaka 1991 angeikosa Terminator 2, ambamo lile dude la chuma lililotumwa kumuua mama linarudi safari hii kumlinda mtoto. Mad Max: Fury Road haina namba kwenye jina, lakini ni ya nne. Ilitoka 2015, miaka 30 baada ya ile ya tatu, muongozaji akiwa George Miller yuleyule, na ikaondoka na Oscar sita. Babu wa miaka 70 aliwafundisha vijana jinsi ya kupiga picha za magari jangwani.

Kuhusu studio, hazina wazimu. Filamu ambayo hakuna aliyewahi kuisikia inahitaji fedha nyingi za matangazo ili watu waijue tu. Jina la zamani limeshajitangaza. Mwaka 2012 Disney iliinunua Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, kwa dola bilioni 4 hivi, na sehemu kubwa ya ilichonunua ni majina ya watu ambao hawajawahi kuwepo. George Lucas mwenyewe alilijua hilo mapema kuliko wote. Alipokuwa akipatana juu ya Star Wars ya kwanza, ile ya 1977, alikubali ujira mdogo akabaki na haki za miendelezo na za bidhaa. Studio iliona imempa makombo. Wanasesere wa plastiki wakamfanya tajiri.

Kwa hiyo namba usiigombe. Mimi nina swali moja tu ninaloingia nalo kwenye kila mwendelezo: wamekifanyia nini kile ambacho filamu iliyopita ilikilipia? Chukua Aliens ya 1986. Ripley, aliyenusurika kwenye Alien ya kwanza, anaokotwa angani baada ya kulala miaka 57. Kwenye toleo refu la filamu anaambiwa kwamba binti aliyemwacha mdogo ameshazeeka na kufariki. Kisha anakutana na Newt, mtoto aliyebaki peke yake kati ya maiti, na nusu ya pili yote ya filamu ni mwanamke anayeshuka kwenye shimo la mazimwi kumtoa mtoto asiyemzaa. James Cameron aliichukua hadithi ya kutisha ya kiumbe kimoja kwenye meli yenye giza akaifanya ya vita, lakini uchungu wa Ripley hakuugusa, aliuongezea.

Halafu inakuja Alien 3, 1992. Kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, Newt amezama ndani ya chombo alicholalia. Amekufa. Hicks, askari aliyenusurika nao, naye amekufa. Yote yale tuliyohangaika nayo mwaka 1986 yamefutwa wakati majina ya waigizaji bado yanapita kwenye skrini. Wapo wanaoitetea filamu hiyo, na picha zake kweli ni nzuri. Mimi siitetei.

Shangazi, mimi na mdogo wangu wa kiume hatuelewani tangu tulipotazama F9, ile ya tisa ya Fast & Furious. Nasema Han alikufa, basi amekufa. Yeye anasema steringi hafi, nikae kimya nitazame magari. Tuamulie.
*Dada Mkubwa Asiyesikilizwa*

Kwanza kabisa, Han hajawahi kuwa steringi. Steringi ni Dom. Kwa hiyo hata kwa sheria ya mdogo wako, Han alikuwa halali kufa.

Sasa tuipange kesi, maana mfululizo huu una kalenda yake. Han anakufa kwenye Tokyo Drift, filamu ya tatu, mwaka 2006. Gari linagongwa, linapinduka, linalipuka. Lakini watu walikuwa wameshampenda, na muongozaji Justin Lin alikuwa amempenda kuliko wote, basi wakabuni ujanja: filamu ya nne ya 2009, ya tano ya 2011 na ya sita ya 2013 zikawekwa kwenye wakati wa kabla ya Tokyo. Han yu hai, anatafuna vitafunwa vyake muda wote, anampenda Gisele, mwenzake kwenye kundi la Dom, na sisi tuliokaa huku tunajua anakokwenda. Mwishoni mwa ile ya tano Gisele anamkumbusha kwamba alitaka kwenda Tokyo, naye anajibu kwamba watafika tu, ipo siku. Mimi niliganda. Filamu ya magari yanayoburuta sefu kubwa barabarani ikanifanya nitamani mtu asifike safari yake. Ujanja ule wa kalenda naupigia saluti, kwa sababu kifo kilibaki palepale na uhai wake ukazidi kuwa mtamu.

Kisha wakaanza kuharibu. Mwisho wa filamu ya sita tunaonyeshwa kwamba ile haikuwa ajali. Deckard Shaw, yaani Jason Statham, ndiye aliyemgonga. Sawa, tumepata adui. Ikafika filamu ya nane, 2017, na Shaw huyohuyo akakaribishwa mezani na watu waliokuwa wakimwita Han ndugu yao. Ndugu gani hao? Mashabiki wakapaza sauti kumdaia Han haki yake, na walikuwa na hoja. Studio ingeweza kumweka Dom na Shaw chumba kimoja wamalizane kwa maneno au kwa ngumi, na hapo tungepata filamu kali. Ikaona njia ya mkato: kama marehemu hakufa, basi hakuna muuaji. F9 ya 2021 ikamrudisha Han mzima, na maelezo ambayo nimeyasikiliza kwa makini na bado siwezi kuyasimulia.

Mwambie mdogo wako pia kwamba mlango huo ukishafunguliwa haufungiki. Letty, mpenzi wa Dom, alikuwa ameshafufuka mwaka 2013. Gisele aliyedondoka kutoka kwenye ndege mwaka huohuo akaibuka mzima mwishoni mwa Fast X, 2023. Siku hizi mtu akianguka kwenye filamu hizo mimi naendelea kutafuta rimoti chini ya mto.

Na ajabu yake ni kwamba watu haohao ndio waliotengeneza kwaheri nzuri kuliko zote ninazozijua. Paul Walker alifariki Novemba 2013, filamu ya saba ikiwa haijamalizika kupigwa. Ndugu zake wawili, Caleb na Cody, wakasimama mahali pake kwenye picha zilizobaki, na sura yake ikawekwa kwa kompyuta. Brian, mhusika wake, hakuuawa kwenye hadithi. Magari mawili yanakwenda sambamba, barabara inagawanyika, moja linachukua njia yake. Hakuna mlipuko. Ugumu ni kwamba Brian, kwa hadithi, yuko nyumbani analea watoto, na kila dunia inapokaribia kuangamia unajiuliza kwa nini hapigiwi simu. Nafuu usumbufu huo. Afadhali waubebe hivyo hivyo.

Mkaja wengine mkaniuliza kuhusu Palpatine, yule mtawala mwovu wa Star Wars, nami nitakuwa mfupi maana presha yangu naijua. Mwaka 1983 Darth Vader alimbeba akamtupa shimoni na kufa kwa ajili ya mwanawe. Mwaka 2019 Palpatine amerudi, na rubani mmoja anatupa taarifa hiyo kwa sentensi moja, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Basi Vader alikufa kwa ajili ya nini?

Hukumu: dada umeshinda. Ila usimzuie kutazama magari.

Shangazi, sijawahi kutazama Star Wars hata moja. Nianze na ipi? Rafiki zangu kila mmoja ana mpangilio wake.
*Mgeni Kabisa*

Fuata miaka zilivyotoka: 1977, 1980, 1983, ndipo uende kwenye zile za 1999 mpaka 2005. Atakayekuambia uanze na ya 1999 kwa sababu inaitwa ya kwanza anataka kukuibia siri ya 1980, siri ambayo kwa bahati huenda hujaisikia. Ukimaliza hizo sita, nenda kwenye Andor, tamthilia ya misimu miwili, kisha Rogue One ya 2016 siku hiyohiyo ukiweza. Andor haina hata upanga wa mwanga mmoja, na ni kitu bora kilichotoka chini ya jina hilo tangu nikiwa kijana. Nimeshasema, wanaobisha waandike.

Wewe Shangazi wa magazetini, mimi ni mkubwa kwako, nilikuwa mtu mzima The X-Files ilipoanza. Sasa kila tamthilia ya zamani inarudishwa. Nyingine nikizitazama naona aibu kama nimeingia chumba cha mtu bila hodi. Kwa nini chache tu ndizo zinazofaulu?
*Mzee wa Mulder na Scully*

Shikamoo, mzee wangu. Aibu unayoisikia naijua, na nadhani inatoka mahali pamoja: watu wamezeeka lakini hadithi imekatazwa kuzeeka. Waigizaji wana mvi, wanasemeshwa maneno ya walipokuwa na miaka 30, na chumba kimepangwa vilevile mpaka kikombe.

Hiyo X-Files yako, ya Mulder na Scully, maajenti wa FBI, ilikwenda hewani kuanzia 1993 hadi 2002, ikarudi 2016 kwa vipindi 6. Kipindi cha sita kikaishia na tauni inayoteketeza watu, Mulder mahututi kwenye gari darajani, Scully amesimama, na chombo kikubwa angani kinawamulika. Tukasubiri karibu miaka miwili. Mwaka 2018 msimu unafunguka na kutuambia kwamba yote yale yalikuwa njozi kichwani mwa Scully. Mzee wangu, miaka miwili! Mtu akikudai fedha kisha akakwambia deni lilikuwa ndoto, utamsikiliza? Na huku ndani ya misimu hiyohiyo kulikuwa na kipindi cha Darin Morgan cha mjusi anayegeuka mtu, ambacho kilimchukua Mulder kama alivyo, mwanamume wa makamo anayechoka na kujiuliza kama ujana wake wote aliupoteza kufukuza upuuzi. Kile kilifaulu kwa sababu kilikubali tarehe.

Cobra Kai ndiyo darasa zima. Mwaka 1984, kwenye The Karate Kid, Johnny Lawrence anapigwa teke moja la uso kwenye fainali ya karate, na sinema inaisha sisi tukimshangilia Daniel. Mwaka 2018 tunamkuta Johnny. Ana miaka kama 50, anaishi peke yake, anakunywa, gari lake limechakaa, na kila akifungua macho anaona matangazo ya Daniel anayeuza magari. Kumbe lile teke lilimgharimu mtu maisha. Hawakubadilisha kitu chochote cha filamu ya zamani, walisogeza kiti tu, tukaona upande wa pili. Misimu ya mwisho ilinenepa mno, kila adui wa zamani akaitwa kuja kula, lakini misimu miwili ya kwanza ni ya kukaa nayo.

Prison Break ilinisikitisha kwa namna nyingine, kwa kuwa ilikaribia. Michael Scofield alikufa mwaka 2009 akimtoa mkewe Sara gerezani, na kaburi lake tuliliona. Mwaka 2017 yuko hai, amefungwa gereza la Yemen, mwili una michoro mipya. Haya, nimemeza. Lakini kuna Jacob, mume mpya wa Sara, aliyemlea mtoto wa Michael kama wake. Fikiria angekuwa mtu mwema tu! Michael anavunja gereza, anavuka jangwa, anafika nyumbani, na mlangoni anamkuta mwanamume asiye na kosa lolote anayependwa na mwanawe. Ukuta wa namna hiyo Scofield hajawahi kuuchora. Waandishi wakaogopa. Jacob akageuka kuwa adui mkuu aliyepanga yote, akashikwa, na kila kitu kikarudi kilipokuwa kama miaka ile haikupita.

Twin Peaks ya 2017 inanigawa mpaka leo. David Lynch aliongoza sehemu zote 18, na sisi tuliomsubiri ajenti Cooper robo karne tukapewa mtu mwenye sura yake asiyeweza hata kumaliza sentensi. Cooper mwenyewe anaamka sehemu ya 16. Nilimtukana Lynch kwa majina yote niliyonayo. Lakini hakuna tamthilia nyingine iliyorudi ikaniambia waziwazi kwamba kile ninachokitaka hakipo tena, kisha ikanionyesha.

Vichekesho nawasamehe. Roseanne ilimuua Dan mwaka 1997, na 2018 ikafunguka naye akiwa kitandani mzima, mzaha mmoja ukapita, wakaendelea. Kwenye vichekesho kifo ni kiti cha kukunja.

Shangazi, mwigizaji akifariki, nafasi yake apewe mwingine au mhusika afe naye? Sisi kazini tumebishana wiki nzima juu ya Black Panther.
*Wa Idara ya Hesabu*

Mna kazi nyepesi huko. Swali lenyewe ni zito.

Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Muongozaji Ryan Coogler na studio waliamua T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, hatavaliwa na mwingine, na Wakanda Forever ya 2022 ikafunguka kwa mazishi yake. Wapo waliopinga, wakisema watoto wanamhitaji T'Challa kuliko wanavyohitaji kumbukumbu, na kwamba James Bond ameshabadilishwa sura mara kadhaa bila mtu kulia. Hoja hiyo siidharau. Doctor Who ingekuwa imekufa mwaka 1966 afya ya William Hartnell ilipodhoofika, kama waandishi wasingebuni kwamba mhusika hubadilika mwili. Akaingia Patrick Troughton, na tamthilia iko hadi leo. Richard Harris alipofariki 2002, Michael Gambon alivaa ndevu za Dumbledore wa Harry Potter na mambo yakaenda.

Tofauti naiona hapa. Bond tangu mwanzo ni koti, na koti linavaliwa na anayelitosha. T'Challa wa kwenye sinema alikuwa Boseman, lafudhi ile na utulivu ule, na waliobaki kwenye filamu walikuwa wanaomboleza kweli mbele ya kamera. Angela Bassett akiwa mama aliyefiwa hakuwa akihitaji mwongozo mwingi. Filamu yenyewe ni ndefu kuliko inavyohitaji, na ule uvamizi wa baharini ungepunguzwa nusu saa, lakini uamuzi wa kumzika nauunga mkono. Huko mbeleni wakimpa kijana mwingine jina hilo sitaandamana.

Ninachokataa ni kinyago cha kompyuta. Peter Cushing, kamanda Tarkin wa Star Wars ya 1977, alifariki 1994. Mwaka 2016, kwenye Rogue One, anatembea na kutoa amri. Mwigizaji Guy Henry yuko chini, sura ya marehemu juu yake. Wasimamizi wa mirathi yake waliridhia, najua. Mimi niliyaangalia macho yale nikaomba tukio liishe. Kwa nini Guy Henry asiachwe acheze kwa uso wake aliopewa na Mungu? Tungemzoea ndani ya dakika mbili.

Hujambo Shangazi? Wewe unalaumu tu. Ukiambiwa uchague filamu moja irudi, utachagua ipi?
*Mchokozi*

Sijambo, mchokozi. Kuna filamu tatu za Richard Linklater: Before Sunrise ya 1995, Before Sunset ya 2004, Before Midnight ya 2013. Watu walewale wawili, Ethan Hawke na Julie Delpy, wanatembea na kuongea, Vienna, kisha Paris, kisha Ugiriki. Hakuna anayerukaruka juu ya paa. Kila baada ya miaka tisa unawakuta wamezeeka kwa kiasi kilekile ulichozeeka wewe, na ile ya tatu ina ugomvi wa hotelini unaokufanya utazame pembeni, kwa sababu kila mmoja anajua pa kumchoma mwenzake. Filamu hizo hazijawahi kufuta hata neno moja walilotamkiana zamani.

Kwa hesabu hiyo ya nne ingetoka 2022, na haikutoka. Nilifurahi, kwa kuwa wale wawili tuliwaacha mahali pazuri pa kuwaachia, wamekaa mezani usiku, hatujui kama kesho wataachana. Lakini umeniuliza nichague, na nimechagua. Wakiitoa nitakuwa mstari wa mbele siku ya kwanza, na toleo linalofuata la safu hii nitawalaumu kwa kuitoa.